Fomu inayochagua tarehe: dhana potofu na ukweli wake

Chukua fomu ya miadi ya kliniki. Tuseme leo ni Jumapili, 1 Machi 2026. Mgonjwa anaruhusiwa kuchagua siku yoyote kuanzia kesho hadi 31 Machi, isipokuwa Jumapili na sikukuu. Sharti lenyewe ni sentensi moja, lakini dhana zinazolizunguka ni nyingi.

Dhana: "Nikishaweka min na max, kazi imekwisha"

Kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, min ni tarehe ya mwanzo inayoruhusiwa na max ni ya mwisho. Kisanduku cha type="date" chenye min="2026-03-02" na max="2026-03-31" hufifisha siku zilizo nje ya mipaka kwenye kalenda ya kivinjari. Lakini kwenye kompyuta, mtu anaweza kuiacha kalenda na kuandika kwa kibodi. Akiandika 15 Aprili, baadhi ya vivinjari huipokea, kisha humzuia pale tu anapobofya kitufe cha kutuma.

Kizuizi hicho nacho kina mianya. Fomu ikiwa na neno novalidate, ukaguzi haufanyiki. JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ikiituma fomu kwa submit(), ukaguzi unarukwa. Ikitumia requestSubmit(), unafanyika. Ndiyo maana fomu iliyorembwa vizuri inaweza kupitisha tarehe ambayo kalenda yake yenyewe imeififisha. Tena, min haimlazimishi mtu kujaza: kisanduku kitupu hupita bila neno mpaka uongeze required.

Kosa jingine la kimyakimya ni mpangilio wa tarehe. Mtengenezaji anaona 02/03/2026 kwenye skrini yake, anaandika min="02/03/2026", na kivinjari kinaipuuza bila kutoa onyo. Kinachoonekana kwenye skrini hufuata lugha ya kivinjari: mwenye Kiingereza cha Marekani ataiona siku hiyohiyo kama 03/02/2026. Kinachoandikwa kwenye msimbo, na kinachofika kwenye seva (kompyuta inayopokea fomu), daima ni mwaka-mwezi-siku.

Na yeyote anaweza kubonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za kuhariri ukurasa, akaifuta max, au akatuma data bila hata kuufungua ukurasa. Kwa hiyo min na max ni msaada kwa mtumiaji mwema. Sharti lenyewe linakaa kwenye seva. Hata huko kuna mtego: kwa PHP, lugha ya programu ya upande wa seva, amri ya kusoma tarehe ya createFromFormat ikipewa 2026-02-30 haikatai, bali inakuletea 2 Machi. Baada ya kuisoma tarehe, iandike upya kwa mpangilio wa Y-m-d na uilinganishe na maandishi yaliyoletwa. Yakitofautiana, ikatae.

Dhana: "Leo ni leo"

Wahenga walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Kwenye fomu, hata asemaye leo anaweza kuwa mwongo, kwa sababu leo ina mwenyewe: kuna leo ya seva, leo ya simu ya mtumiaji, na leo ya ofisi itakayompokea mgonjwa. Hapa ndipo makosa magumu kuyaona hujificha.

Mstari unaonakiliwa sana wa kupata tarehe ya leo ni new Date().toISOString().slice(0,10). Unatoa tarehe ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku mstari huo unarudisha tarehe ya jana. Nani hupima fomu saa nane usiku? Kosa linabaki hapo, na lalamiko likija asubuhi, kila anayejaribu anaona fomu iko sawa. Seva iliyopangwa kwa UTC ina tatizo hilohilo.

Upande wa pili wa dunia kosa linageuka. Kwa JavaScript, new Date("2026-03-09") ina maana ya saa sita usiku kwa UTC. Mtu aliyeko Minneapolis, Marekani, anayempangia mama yake miadi ya Jumatatu, 9 Machi, simu yake inasoma muda huo kuwa jioni ya Jumapili, tarehe 8. Msimbo ukiuliza ni siku gani, utajibiwa Jumapili, naye ataambiwa kliniki imefungwa ilhali amechagua Jumatatu. Dawa ni kuongeza T00:00 mwishoni mwa tarehe, au kuitenganisha mwenyewe: new Date(2026, 2, 9). Hiyo 2 ni Machi, maana miezi ya JavaScript huanzia 0.

Leo inayotakiwa ni ya ofisi inayotoa huduma. Itaje kwa jina: Africa/Dar_es_Salaam, Africa/Nairobi, au Africa/Kigali ambako saa iko nyuma kwa saa 1. Kwa PHP ni new DateTimeImmutable('today', new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam')). Kumbuka pia kwamba ukurasa uliohifadhiwa kwenye kashe (akiba ya nakala za kurasa), au ulioachwa wazi kwenye simu tangu jana, bado una min ya jana. Seva ihesabu leo upya kila fomu inapofika.

Dhana: "Lazima kuna sifa ya HTML ya kuzima Jumapili na sikukuu"

Haipo. Iliyo karibu ni step, nayo inahesabu kwa hatua zilizo sawa tu. Ukiweka step="7" pamoja na min ya Jumatatu, 2 Machi, utapata Jumatatu tupu. Ukiisahau min, hesabu inaanzia 1 Januari 1970, ambayo ilikuwa Alhamisi, nawe utashangaa kwa nini kalenda inakubali Alhamisi peke yake.

Kwa siku za Jumatatu hadi Jumamosi unahitaji JavaScript: sikiliza tukio la input, uliza getDay, inayorudisha namba ya siku ya wiki, na ikiwa ni Jumapili weka ujumbe kwa setCustomValidity. Tarehe ikirekebishwa, lazima uite setCustomValidity tena kwa maandishi matupu, la sivyo fomu itabaki imefungwa hata kwa tarehe sahihi. Kalenda za nyongeza kama flatpickr, kwa kipengele chake cha disable, hukupunguzia kazi hiyo ya kivinjari. Ya seva inabaki palepale.

Angalia na namba za siku. Kiswahili huanza kuhesabu Jumamosi, ndiyo mosi. JavaScript huanza Jumapili kwa 0, hivyo Jumatatu ni 1, Jumanne ni 2, na Jumamosi ni 6. Anayefikiri kwa Kiswahili akaandika 4 akitaka Jumanne amefunga Alhamisi.

Sikukuu zisiandikwe ndani ya msimbo. Nyerere Day ni 14 Oktoba kila mwaka, lakini Pasaka huhama, na Idd el-Fitri husubiri mwezi uandame, habari ikathibitika jioni ya kuamkia siku yenyewe. Weka jedwali la siku zisizo na huduma, lenye tarehe na sababu, ambalo mhudumu wa mapokezi anaweza kulihariri bila kumpigia fundi simu. Akifunga siku mpya, mfumo umwonyeshe miadi ambayo tayari imeshawekwa siku hiyo, maana kuifunga kalenda hakuwaarifu waliokwisha kuandikishwa.

Dhana: "Miaka 18 ni 18 mara 365"

Fomu nyingine hudai mtu awe ametimiza miaka 18. Hesabu ya 18 mara 365 ni siku 6,570. Miaka 18 ya kweli ina siku 6,574 au 6,575, kwa sababu ya miaka mirefu iliyomo, hivyo hesabu hiyo humruhusu mtu siku 4 au 5 kabla ya kutimiza umri. Toa miaka 18 kwenye tarehe ya leo kwa kalenda. Aliyezaliwa 29 Februari 2008 anahitaji uamuzi wa wazi: ukiongeza miaka 18, PHP inakupa 1 Machi 2026, hifadhidata ya PostgreSQL inakupa 28 Februari.

Kwa tarehe ya kuzaliwa, kalenda ya kubofya yenyewe ni usumbufu. Mwongozo wa usanifu wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, hutumia visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka kwa tarehe ambazo mtu anazikumbuka. Nao ni ushauri mzuri.

Dhana: "Siku ikiwa wazi kwenye kalenda, nafasi ipo"

Ilikuwepo ukurasa ulipofunguka. Watu wawili wanaweza kuiona nafasi moja ya mwisho na kubofya kwa pamoja, kwa hiyo nafasi ihakikiwe wakati wa kuandika kwenye hifadhidata. Kwa nyumba ya wageni, weka mstari mmoja kwa kila usiku na sharti la UNIQUE, linalokataa marudio, kwa chumba na tarehe. Mgeni wa 10 hadi 13 Machi anachukua mistari mitatu: 10, 11 na 12. Tarehe 13 inabaki huru kwa anayeingia mchana huo. Kisanduku cha kuondoka nacho kipewe min ya siku moja baada ya kuingia, ibadilike kila tarehe ya kuingia inapobadilishwa.