Sheki iliyochapwa nyumbani, kabla hujaipeleka gisheni benki

Mama mmoja mfanyabiashara wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, alitufikia na bahasha kutoka Dallas, Marekani. Ndani mlikuwa na sheki ya dola 1,500.00, jina lake limechapwa vizuri, saini ya mwanawe iko chini kulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu: "Papa, mtoto anasema ameichapa mwenyewe kwake nyumbani, na kompyuta. Hiyo si sawa na kuchapa noti?"

Hapana, mama. Noti ni pesa yenyewe. Sheki, au hundi kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, ni amri tu: mwenye akaunti anaiambia benki yake imlipe fulani kiasi fulani. Uzito wake hautoki kwenye karatasi. Unatoka kwenye akaunti iliyo nyuma yake na saini iliyo juu yake. Kwa hiyo Marekani mtu hakatazwi kujichapia sheki za akaunti yake mwenyewe. Wengi wamezoea kufanya hivyo kwa programu za hesabu, Quicken kwa matumizi ya nyumbani na QuickBooks kwa maduka na ofisi ndogo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua karatasi ambazo tayari zina jina la benki na namba za akaunti. Programu inajaza tarehe, jina la mlipwaji na kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno. Ya pili ni kuanza na karatasi tupu ya sheki, yenye alama za kuzuia wizi, na kuchapa kila kitu, hata ule mstari wa tarakimu za ajabu chini. Tarakimu hizo zinaitwa E-13B. Zilibuniwa Marekani miaka ya 1950, na wino wake una chembe za chuma ili mashine izisome kwa sumaku. (Wafaransa walichukua mtindo mwingine, CMC-7, wa vijiti vilivyosimama.) Anayetaka kuzichapa sawasawa anahitaji printa ya leza na tona (wino wa unga) ya sumaku. Wino wa kawaida mara nyingi unapita siku hizi, kwa sababu tangu tarehe 28 Oktoba 2004 sheria ya Marekani inaruhusu picha ya sheki itumike badala ya karatasi yenyewe. Lakini mashine ikishindwa kusoma, sheki inawekwa pembeni kusubiri macho ya mtu.

Katika mstari huo mna namba 9 za kutambulisha benki. Zina kipimo chake cha ndani, nacho unaweza kukifanya kwa kalamu. Zidisha namba ya kwanza, ya nne na ya saba kwa 3. Ya pili, ya tano na ya nane kwa 7. Ya tatu, ya sita na ya tisa ziache zilivyo. Jumlisha zote. Jumla lazima iishie na sifuri. Jaribu 123456780: unapata 36, 105 na 9, jumla 150, imepita. Jaribu 123456789: jumla ni 159, imekataa. Kupita hakuthibitishi kwamba benki ipo, wala kwamba kuna pesa. Kukataa, hata hivyo, kunatosha kukufanya usimamishe biashara hapohapo.

Sasa turudi Lubumbashi, maana matatizo mengi ninayoyaona hayatoki kwenye wino. Yanatoka kwenye mkato na nukta. Mmarekani akiandika 1,500.00, mkato unatenga maelfu. Sisi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa tunautumia mkato kutenga senti, na mtu mwenye haraka anaweza kuona dola moja na nusu. Tarehe nayo ni hivyohivyo: 03/04 kwa kijana wa Dallas ni tarehe 4 Machi, kwetu ni tarehe 3 Aprili. Si jambo dogo, kwa sababu benki ya Marekani hailazimiki kulipa sheki iliyopita miezi sita. Tarakimu zikigombana na maneno, maneno ndiyo yanashinda, kwa sheria ya Marekani na pia kwa kanuni za Geneva za 1931 kuhusu sheki. Basi soma mstari wa maneno kwanza. Na wewe unayejaza sheki za kampuni kwa kompyuta hapa, angalia programu yako inazungumza Kifaransa gani: ya Paris itakuandikia "soixante-quinze" pale ambapo karani wetu anaandika "septante-cinq". Zote ni 75, lakini nimeona foleni nzima ikisimama kwa ajili ya neno moja.

Je, mtu wa hapa anaweza kujichapia sheki tupu nyumbani? Sikushauri. Gisheni wanategemea kuona karatasi ya kitabu ulichopewa na benki yako, yenye namba walizoziandika kwa jina lako. Programu itakufaa zaidi kama daftari: kila sheki uliyotoa, namba yake, siku iliyolipwa, na salio halisi. Wengi wanaotoa sheki isiyo na pesa nyuma yake si wezi, walisahau tu ile ya wiki iliyopita.

Wezi nao wapo, na hawa wanapenda sheki za kuchapwa. Mnunuzi usiyemjua anakutumia sheki ya dola 3,000 kwa mali ya dola 2,000, kisha anakuomba umrudishie kilichozidi kwa M-Pesa au Airtel Money, leo hii. Hata Marekani kwenyewe, salio linaweza kuonyesha pesa ndani ya siku chache kabla benki iliyoandikwa kwenye sheki haijathibitisha kitu. Sheki ikirudi, benki inamdai aliyeiweka. Wewe umekwisha tuma dola 1,000 zako, na mali imeondoka.

Sheki ya yule mama ilikuwa ya kweli. Ila kuidai kutoka hapa kungechukua majuma, na makato yake. Tulimpigia kijana simu tukiwa wote watatu mezani, tukamwomba atume kwa uhamisho wa benki, na sheki aiandike "imebatilishwa" ndani ya programu yake badala ya kuifuta, ili namba yake ibaki daftarini na hesabu zisimpoteze mwisho wa mwezi. Mama akaniomba ile karatasi airudishe kwenye bahasha. Nilimkatia kwanza kona yenye saini.