Busti ya Tabora si busti ya pwani

Kijana mmoja aliniletea Subaru Forester ya turbo hapa Isevya, Tabora, inatetemeka ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. "Fundi, nimetoka kuikimbiza huko pwani. Mizunguko mitatu tu, nguvu ikakata."

Nikafungua plagi. Ile ya silinda ya nne, ukiigeuzageuza juani, kaure yake nyeupe ilikuwa na vipunje vinavyometa kama chumvi. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Kipimo cha kompresheni kilithibitisha: silinda tatu zinalingana, ya nne haifiki hata nusu.

Mtaani wangesema imenoki. Hapana. Kunoki ni beringi za kranki, shafti kuu ya injini, kufa, mara nyingi kwa kukosa oili. Hapa mchanganyiko wa mafuta na hewa ulikuwa unajilipua wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni.

Chanzo nilikikuta chini ya boneti: koki ndogo ya kuzungusha kwa mkono, ya kupandisha busti, yaani msukumo wa hewa ambayo turbo inaishindilia ndani ya injini. Gari ilipohamia Tabora aliiona imelegea, fundi mwingine akamwongezea busti. Kulegea kulikuwa kwa kweli. Tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni takriban baa 0.88, wakati Dar ni 1.01. Geji ya busti inasoma kile tu kilichozidi hewa ya nje. Ikionyesha 1 Dar, injini inapata 2.01, ikionyesha 1 hapa, inapata 1.88. Yule fundi akapandisha hadi 1.13 ili pengo lizibike, na likazibika.

Ila turbo haitoi bure. Dar ilikuwa inaikandamiza hewa mara mbili. Hapa inabidi mara 2.3. Chukua hewa ya nyuzi 30 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: inatoka na nyuzi kama 125 kwa kazi ya kwanza, karibu 145 kwa ya pili. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kwenye Forester iko juu ya injini, kwa hiyo inaokwa kutoka chini pia. Barabarani hutaona tatizo, maana unakanyaga sekunde tano unaachia. Kwenye uwanja wa mbio unakanyaga dakika kumi na tano, na kuachia ni pale kwenye kona tu.

Kilichoua injini hasa ni safari. Koki ile haijui mwinuko, inashika namba ileile ya geji. Aliposhuka pwani, 1.13 yake ilikaa juu ya 1.01, jumla 2.14. Hewa ikazidi kile ambacho taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ilikuwa imepangiwa, joto la Dar likaongezea, na petroli ni ileile ya kituo cha kawaida.

Baada ya kubadilisha pistoni nilitoa koki nikarudisha busti mikononi mwa kompyuta ya gari, ambayo ina sensa ya hewa ya nje. Niliiweka 0.9. Taimingi niliirudisha nyuma digrii tatu pale busti inapojaa, na mafuta nikayaongeza hadi hewa sehemu 11.2 kwa mafuta 1. Uwiano wa 14.7 unaosomwa vyuoni ni wa kutembea taratibu. Kwenye busti, mafuta ya ziada ndiyo yanayopoza chumba. Kisha gia ya tatu, naangalia kwa kompyuta mpakato sensa ya kugonga, inayosikia ile milipuko, inasema nini, nairudisha taimingi mbele digrii moja moja. Iliponong'ona kidogo, nilirudi nyuma mbili nikaacha hapohapo, ingawa kijana alikuwa bado ananiangalia kama mtu aliyepunjwa.

Oili nilimwambia aijaze hadi alama ya juu, maana kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Hapo ndipo kunoki kwenyewe kunapotokea. Na mzunguko wa mwisho aende polepole, asizime gari turbo ikiwa bado nyekundu, oili itaungulia kwenye beringi za shafti ya turbo.

Ameshaenda pwani mara moja tena. Plagi zimerudi safi, rangi ya kahawia hafifu. Ile koki iko kwenye droo yangu, na ameshaiulizia mara mbili.