Rada ya mvua na mitaro ya Kigoma: tusidanganyane na jumla ya siku

Juzi alikuja mhandisi kijana na jedwali mkononi: mvua ya siku nzima, rada milimita 46, kipimamvua milimita 48. "Mkuu, zimelingana kabisa. Tuchore mtaro." Ni mara ya tatu msimu huu naisikia hoja hiyo hapa Kigoma, na inaniuma, kwa sababu mtaro ukichorwa hivyo kuna familia italala na maji ndani.

Dhana: Jumla ya siku ikilingana, rada inafaa kwa mafuriko ya mjini

Haifai bado. Chukua kidakio, yaani eneo ambalo maji yake yote ya mvua huishia mtaro mmoja, cha kilomita moja ya mraba kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Milimita 48 zikinyesha taratibu kwa saa 12, kidakio kinapokea kama mita moja ya ujazo kwa sekunde. Milimita 40 kati ya hizo zikimwagika kwa nusu saa, ni mita za ujazo 22 kwa sekunde. Jumla ni ileile, lakini mtaro unaohitajika ni mwingine kabisa, maana juu ya mabati na lami maji hayangoji. Kipimamvua kinachosomwa mara moja tu, saa 3 asubuhi, hakiwezi kukuonyesha kama rada ilikiona kilele hicho. Weka kinachojiandikia chenyewe, ulinganishe kwa dakika 5, 15 na 60, tukio kwa tukio. Na jamani, kagueni saa kwanza! Nimewahi kukuta mvua "imechelewa" kwa muda wa saa 3 kamili: rada iliandika saa za Greenwich, kipimamvua saa zetu.

Dhana: Rada hupima mvua

Hupima mwangwi, yaani mawimbi yake ya redio yanayorudi yakigonga matone. Tone la kipenyo cha milimita 2 lina maji mara 8 ya tone la milimita 1, ila mwangwi wake ni mara 64. Mvua inakadiriwa kutokana na huo mwangwi.

Dhana: Kipimamvua hakikosei

Upepo, au mwembe uliokua karibu, hukipunguzia. Tena kinasemea pale kilipo tu. Mvua ya Gungu si lazima ifike Ujiji.

Dhana: Umbali hauna neno

Mwali wa rada, yaani mawimbi inayoyatuma, ulioinuliwa nusu nyuzi, ukifika kilomita 100, uko takriban mita 1,500 juu ya rada. Chini yake mvua inaweza kukauka au kuongezeka, na kilima kikiukinga mwali, nyuma yake rada huona kidogo au haioni kabisa.

Kijana nimemrudishia jedwali lake. Akileta data za dakika 5, tutaanza na mvua kubwa tatu za msimu huu.