Maana ya takrima, kwa kijana wa kusini

Takrima, katika siasa za Tanzania, ni kile mgombea anachowapa wapiga kura kwa jina la ukarimu: pilau baada ya kikao, kanga, fulana, nauli ya kurudia nyumbani. Mwaka 2000 Bunge liliibariki. Sheria ya Uchaguzi ya 1985 ilirekebishwa, ikasema ukarimu wa kawaida au wa kimila unaofanywa kwa nia njema hautahesabiwa kuwa rushwa. Lakini nia njema anaipima nani? Uchaguzi wa 2000 na ule wa 2005 ulipita chini ya kifungu hicho. Mashirika ya kiraia, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikakifuta: kinakwenda kinyume na Katiba, maana kinambeba mwenye fedha na kumnyima asiyenazo nafasi sawa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Watu wengi husahau kwamba sheria hii haingoji kampeni. Inaanzia ndani ya vyama, kwenye kura za maoni, pale chama kinapompata mgombea wake.

Kwa hiyo kisheria takrima haipo. Mitaani ipo, na kwa vijana wa Mtwara na Lindi inakuja na sura zake: jezi na mipira ya kombe lenye jina la mtia nia, mafuta ya bodaboda za msafara, bando la wiki kwa admini wa grupu la WhatsApp, elfu tano kwenye simu kwa anayesambaza picha za bosi na kuwatukana wapinzani wake. Hii ya simu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Haina mkutano wala shahidi, na anayeipokea huiona ni hela ya vocha tu.

Si kila malipo ni takrima. Anayefunga spika, anayeendesha gari, anayetengeneza video ya mgombea, amefanya kazi na anastahili ujira wake. Hiyo ni gharama ya kampeni na mgombea anapaswa kuitolea hesabu. Jiulize hivi: ningepewa hii hela kama nisingekuwa na kura, wala watu wa kuwashawishi?

Tazama na kalenda yetu. Uchaguzi mkuu huangukia mwishoni mwa Oktoba, kama tarehe 25 mwaka 2015 na tarehe 28 mwaka 2020, minada ya korosho ndiyo kwanza inachangamka. Kura za maoni hutangulia, Julai au Agosti, wakati mikorosho bado inapuliziwa salfa na nyumba nyingi za Tandahimba, Newala na Nachingwea zimekauka hela. Anayeijua kangomba ataelewa haraka: mwenye shida anauza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, mnada ukifika mzigo si wake. Kura nayo inauzwa hivyo hivyo, ila msimu wake mwingine ni baada ya miaka mitano.

Anayeumia kwanza ni kijana mwenzetu. Katiba inamruhusu mwenye miaka 21 kugombea ubunge, lakini lazima apendekezwe na chama. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mlango wake ni kura za maoni. Binti aliyesoma, anayeyajua matatizo ya ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuliko wazee wa kamati, anasimama mbele ya wajumbe na swali la kwanza analoulizwa ni amekuja na nini. Mabinti wengi kama huyo hawarudi tena kuchukua fomu.

Katika sheria za rushwa mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Kuripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni bure kwa namba 113. Kama ulichopokea kimekuja kwa simu, usifute ujumbe wa muamala: una jina, tarehe na kiasi.