Je, wajua? Reli, barabara na umeme vikikutana Dodoma, nani humpisha nani?

Chukua ramani ya Dodoma uitazame kwa makini. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, inalizunguka jiji zima kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Ndani ya mzunguko huo inapita reli ya zamani ya Kati, na pia SGR, reli mpya ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Duara likizunguka mstari unaopita katikati yake, lazima liukate mara mbili. Hivyo barabara ilibidi ikutane na reli hizo mashariki mwa jiji, kisha magharibi. Hapo hujagusa njia ya umeme wa kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Singida na Shinyanga, wala uwanja wa ndege wa Msalato ulio upande wa njia ya Arusha.

Kila mradi una mwenyewe, fedha zake, mkandarasi wake na tarehe yake ya kukabidhi. Sasa nani anampisha nani?

Wengi hudhani mkubwa ndiye anayepishwa. Sivyo. Wahandisi huanza kwa kuuliza nani anaweza kupinda. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali wala kukata kona ya ghafla, kwa hiyo reli hupinda kwa shida kuliko wote. Barabara ina nafuu, inaweza kupanda daraja au kupita chini. SGR yenyewe haivukwi kwa geti kama reli ya zamani, na juu yake kuna waya wa kilovolti 25, kwa hiyo daraja la barabara linaloivuka lazima liinuliwe vya kutosha kuuacha waya huo salama. Njia ya umeme nayo inaweza kuhamishiwa pembeni, au minara yake ikarefushwa.

Lakini minara mirefu ina kesi yake na ndege. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka anga la kutua kwenye uwanja mkubwa liwe wazi kwa mteremko wa asilimia 2, kuanzia karibu na mwisho wa njia ya kurukia. Piga hesabu: mnara wa mita 40 uliosimama kwenye usawa huohuo wa ardhi, ukiwa kwenye mstari wa kutua, lazima uwe zaidi ya kilomita 2 kutoka hapo. Ukiuchora karibu zaidi, mmoja kati ya miradi hiyo miwili lazima ubadilishwe, na ni heri ubadilishwe ukiwa bado karatasini.

Swali la pili ni la fedha: nani analipa? Kwa kawaida aliyetangulia kupata kibali na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa mradi, hulindwa, na anayekuja nyuma ndiye anayepeleka michoro kwa mwenzake, anaomba ridhaa na kubeba gharama za kuvuka. Ndiyo maana katika bajeti ya barabara nyingi hutakosa fungu la kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za umeme.

Ugomvi mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni wa maji. Dodoma hukaa miezi mingi bila tone, halafu mvua ikija inashuka kwa kishindo na kila korongo linageuka mto kwa saa chache. Tuta la barabara huyakusanya maji yaliyokuwa yametawanyika, likayatoa kwa nguvu kwenye makalvati machache, yaani mifereji inayopitisha maji chini ya tuta. Mita mia kadhaa chini yake kuna tuta la reli, ambalo makalvati yake yalipimwa kabla barabara haijakuwepo. Kila mhandisi ana hesabu sahihi kwenye mchoro wake, na bado tuta linasombwa. Anayeijua reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, jinsi mafuriko yalivyoikata mara kwa mara, hahitaji kushawishiwa.

Mahali pa kuyanasa haya ni kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. NEMC, baraza la taifa la mazingira, huipitia ripoti pamoja na kamati ya wataalamu wa sekta mbalimbali, na cheti hutoka na masharti. Sharti zuri hutaja nani atajenga nini, lini, na nani atakitunza baadaye. Likiishia kusema kwamba wahusika washirikiane, mgogoro umesogezwa tu hadi siku ya katapila.

England na Wales wameliweka jambo hili ndani ya kibali chenyewe. Chini ya Sheria ya Mipango ya 2008, miradi mikubwa huchunguzwa kwa muda usiozidi miezi 6, na amri ya kibali huwa na vifungu vya kumlinda jirani: idhini ya michoro, usimamizi wa kazi, fidia ya uharibifu. Wasipoelewana, kila upande huleta maneno yake ya vifungu hivyo, na waziri huamua yapi yaingie.

Kwetu Dodoma ipo nyenzo nyingine: Mpango Kabambe wa Jiji wa 2019 hadi 2039. Mkuza ukitengwa humo mapema, njia ya umeme na bomba la maji vinaweza kufuatana na barabara, na mkulima akathaminiwa shamba lake mara moja badala ya kupisha mradi huu leo na ule miaka mitatu baadaye. Huyo ndiye ninayemwonea uchungu, kwa sababu kila uthamini mpya humsimamisha asijenge wala asipande mti wa kudumu. Wataalamu wa mradi wakija kwenye mkutano wa kijiji au mtaa wenu, waombeni ramani inayoonyesha na miradi ya jirani, kisha waulizeni maji ya mvua yatatokea wapi.