Gemu ikifufuliwa maana yake nini? Tuitazame Soulcalibur

"Kaka, hii si ndiyo ile ya zamani?"

Aliyeuliza alikuwa amesimama nyuma ya benchi, kwenye banda la gemu Chang'ombe hapa Dodoma, akingoja zamu yake. Kwenye skrini Mitsurugi, samurai wa gemu ya Soulcalibur, alikuwa anachomoa upanga. Kijana alimjua tangu utotoni, kwenye PS2 ya binamu yake, na sasa anamwona tena, mtu yule yule, ila safari hii nyuzi za vazi lake zinahesabika. Nikamwambia hii ni mpya, wameifufua. Akataka kujua kufufua ndiyo kufanyaje. Mechi ilikuwa imepamba moto, nikamjibu juu juu. Alistahili jibu zuri zaidi.

Tuanze na kile kinachofufuliwa. Gemu za mapigano wengi tunazijua kwa ngumi na mateke, kama Tekken. Ukimpa mpiganaji silaha, kinachobadilika kabla ya kingine chochote ni umbali. Huku kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Kijana wa Kigogo anayeswaga ng'ombe na fimbo yake begani humsogelei ovyo ukiwa na nia mbaya, maana itakufikia kabla mkono wako haujamgusa. Lakini ukishapenya ukawa kifua kwa kifua naye, urefu ule ule unageuka mzigo.

Soulcalibur yote imejengwa juu ya hesabu hiyo. Kilik anapigana kwa fimbo ndefu na anataka ubaki mbali. Taki ana visu viwili vifupi, kwa hiyo kazi yake ni kuingia ndani. Ivy ana upanga unaokatika vipande na kuwa mjeledi, akaamua mwenyewe leo umbali uwe upi. Kitufe kimoja ni pigo la kufyeka kutoka ubavuni, kingine ni pigo la kushuka kutoka juu, cha tatu teke, cha nne kinga. Pigo la kushuka linauma, lakini mwenzako akikwepa pembeni linakata hewa. La kufyeka linamnasa huyo anayekwepa, ila akichutama kwa wakati, mengi ya namna hiyo yanampita juu ya kichwa. Na ukingo wa uwanja upo: ukidondoka nje, raundi imekwisha, hata kama ulikuwa hujaguswa.

Mfululizo huu ulianza kwa kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1995, kwa jina la Soul Edge, kwenye zile mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu. Mwaka 1998 ikaja Soulcalibur yenyewe, ikamruhusu mchezaji kukimbia pande nane badala ya kwenda mbele na kurudi nyuma tu. Ilipofika kwenye Dreamcast, mashine ya kuchezea nyumbani, mwaka 1999, jarida la Famitsu la Japani liliipa alama 40 kati ya 40. Ya pili, ambayo ndiyo wengi wa rika langu waliikuta, ilitoka kwenye mashine tatu mwaka 2003, kila moja na mgeni wake, yaani mhusika wa kuazimwa kutoka nje ya mfululizo: Link kwenye GameCube, Heihachi wa Tekken kwenye PS2, Spawn kwenye Xbox.

Ya tatu na ya nne zilipita, ikafika ya tano, mwaka 2012. Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu huwezi kuelewa kufufuka bila kujua kilichokufa.

Hadithi ya Soulcalibur V iliruka miaka 17 mbele. Sophitia, mpiganaji wa siku nyingi, akaondolewa, wakaingia watoto wake Patroklos na Pyrrha. Taki akampisha mwanafunzi wake Natsu. Xianghua akampisha bintiye Leixia. Fimbo ya Kilik akapewa kijana anayeitwa Xiba, na Kilik mwenyewe akabaki mtu wa kuiga mitindo ya wengine. Wahusika wapya si dhambi, kila mfululizo unawahitaji. Lakini gemu ya mapigano haijifunzwi kwa kichwa peke yake. Mtu aliyemshika Taki miaka kumi amemweka vidoleni. Ukimwondoa, unamwondolea mchezaji kitu alichokijenga kwa jioni nyingi, na hakuna picha nzuri inayofidia. Mimi naamini hilo liliuumiza mfululizo kuliko chochote. Baada ya hapo ilipita miaka sita bila gemu kubwa inayofuata.

Sasa tofautisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kuna rimasta: gemu ile ile inasafishwa picha na kuletwa kwenye mashine mpya, kama ya pili ilivyorudishwa kwenye PS3 na Xbox 360 mwaka 2013. Kuna rimeki: gemu moja ya zamani inajengwa upya kuanzia msingi. Na kuna ributi, yaani mfululizo mzima unaanza hesabu upya, hadithi inarudishwa mwanzo na kusimuliwa tena kwa namna nyingine. Tukisema mfululizo umefufuliwa, mara nyingi tunalenga hii ya tatu.

Soulcalibur VI, iliyotoka Oktoba 2018, ni mfano safi. Iliturudisha karne ya 16, kwenye matukio ya Soulcalibur ya kwanza. Sophitia yupo, Taki yupo, Xianghua yupo, Kilik ameshika fimbo yake. Mgeni safari hii alikuwa Geralt wa gemu za The Witcher. Waliongeza pia mbinu ya kubonyeza kitufe kimoja: unayameza mapigo ya mpinzani, unarudisha lako, likimpata muda unasinzia na kila mmoja anachagua kwa siri kama kwenye jiwe, karatasi, mkasi. Wazoefu wengi hawakuipenda, wanasema inakata mwendo wa pambano. Nawaelewa. Ila bandani nimeona inavyompa pumzi mtu wa siku ya kwanza, akapata raundi moja na kurudi kesho yake.

Hawakuwa peke yao. Kampuni nyingine ya Japani, SNK, walikuwa na Samurai Shodown tangu 1993, gemu ya panga ambayo pigo moja zito linameza sehemu kubwa ya uhai wako, na silaha inaweza kukuponyoka ukabaki mikono mitupu. Waliirudisha Juni 2019, na wakauacha uzito ule kama ulivyokuwa: wachezaji wawili wanatazamana, kila mmoja anaogopa kuanza. Mwaka uliofuata Haohmaru, samurai wao mkuu, akaingia kama mgeni ndani ya Soulcalibur VI.

Yule kijana zamu yake ilipofika alikaa na kumchagua Kilik bila kusita. Raundi ya kwanza alipigwa vibaya, kwa sababu alikuwa anatazama picha. Ya pili nikaona dole gumba lake la kushoto limetulia. Alirudi nyuma hatua mbili, akamngoja mwenzake ajitupe, akafyeka. Mwenzake akasukumwa mpaka ukingoni. Kijana akabonyeza vitufe vitatu haraka, yule mtu akadondoka nje.

"Hiyo umejifunzia wapi?" mwenzake akauliza.

Akaitazama pedi mkononi. "Kwa binamu," akasema. "Nilidhani nimeshaisahau."