Kansa ya matiti na lile swali la "mbona mimi sijabadilika?"

Juzi mama mmoja aliyemaliza mionzi alikaa mbele yangu akaniuliza, "Dokta, wenzangu kwenye kikundi wanasema kansa imewafanya watu wapya, mbona mimi niko vilevile, au nina kasoro?" Mimi ni mwanasaikolojia, kazi yangu kila siku ni wanawake wenye kansa ya matiti, na swali hilo linaniuma kwa sababu nalisikia sana.

Watu wanachanganya vitu viwili. Ustahimilivu ni mtu kupigwa na jambo zito akabaki amesimama, analia siku mbili tatu lakini usingizi unarudi, anakula, anaendelea na watu wake. Ukuaji ni kitu kingine kabisa, hapo mtu alitikiswa mpaka yale aliyokuwa anayaamini kuhusu maisha yakabomoka, na katika kuyajenga upya akajikuta amefika mahali ambapo kabla ya kuugua hakuwahi kufika. Tedeschi na Calhoun, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa dodoso la kuupima huo ukuaji mwaka 1996, lina vipengele 21 vinavyogusa ukaribu na watu, njia mpya za maisha, nguvu ya ndani, imani na kuthamini uhai. Sasa ona, mstahimilivu anaweza kupata alama ndogo humo, maana nyumba yake haikubomoka, atajenga upya nini?

Haiba nayo ina mchango wake. Wachangamfu na wale wanaopokea mawazo mapya kirahisi ndo huwa wanaeleza ukuaji zaidi, na mwenye wasiwasi wa asili huumia zaidi matibabu yakiendelea. Nadhani sehemu kubwa hapo ni kuongea, maana mawazo yanayokuvamia saa tisa usiku hayajengi kitu, ila ukikaa na mtu anayesikiliza ukayapanga taratibu, hapo ndo maana mpya inapoanza kutokea. Na ukuaji ukija hauondoi maumivu, vinakaa pamoja, unaweza kumshukuru Mungu asubuhi na jioni ukalia ukiona kovu kwenye kioo.

Kitu kinachonikasirisha ni kumwambia mgonjwa "pambana, ukiwa na moyo wa kishujaa utapona". Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanawake 578 wenye kansa ya matiti ya hatua za mwanzo kwa miaka angalau mitano, na moyo wa kupambana haukuonekana kurefusha maisha. Waliokuwa wamekata tamaa kabisa ndo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi au kufariki, kwa hiyo ukiona mgonjwa wako haoni tena sababu ya kuamka usimhubirie ushujaa, mpeleke kwa mtaalamu, sonona inatibika. Ile hadithi kwamba kansa huwapata wanaomeza hasira nayo iacheni jamani, wanawake wanajilaumu bure.

Yule mama nilimuuliza kipindi cha kemo alikuwa anafanyaje, akasema siku akipata nguvu anakagua madaftari ya wanawe, asipopata analala. Nikamwambia mama, hiyo si kasoro, umesimama muda wote huo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuniletea mdogo wake, maana tangu yeye augue huyo mdogo mtu halali.